Mwalimu Nyerere na Mzigo wa Uongozi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaotazama kwa mbali tunaona kiongozi amekaa kitini, anaheshimiwa na kusindikizwa. Uzito ulio begani mwake hatuuoni. Musa aliujua uzito huo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, aliketi peke yake tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, mpaka mkwewe Yethro alipomwonya kwamba kwa mwendo ule angejichosha yeye pamoja na watu wake. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Musa alilemewa kiasi cha kumwomba Mungu afadhali afe. Mungu hakumwondolea kazi. Alimpa wazee 70 wa kuibeba pamoja naye.

Hapa kwetu yapo maisha ya mtu mmoja yanayotusaidia kulielewa somo hilo, kwa mema aliyofanya na kwa makosa aliyofanya. Ndiye Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya. Mtoto huyo alikua akiona mambo makubwa yakizungumzwa na wazee mpaka wakubaliane, na baadaye maishani alipenda kuwakumbusha watu desturi hiyo. Alisoma Mwisenge, kisha Tabora, halafu Makerere. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21 aliyeamua mwenyewe. Alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, na aliporudi akafundisha Pugu. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel.

Tarehe 7 Julai 1954 watu 17 waliunda TANU, naye akawa rais wake. Mwaka uliofuata ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha mshahara akiwa na familia changa. Lakini hakuibeba TANU peke yake. Bibi Titi Mohamed, mwanamke Mwislamu wa Dar es Salaam, aliongoza wanawake wa chama na kuwaandikisha kwa maelfu. Wafanyakazi walikuwa na viongozi wao, kati yao Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea. Mkatoliki yule alijenga chama pamoja na Waislamu, Waprotestanti na wafuasi wa dini za jadi.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera kupandishwa, alijiuzulu uwaziri mkuu na kumkabidhi Kawawa serikali. Yeye akaenda kuimarisha chama, akizunguka mikoani na kukutana na wananchi. Aliona kwamba serikali peke yake isingeweza kuijenga nchi ikiwa wananchi wangebaki watazamaji. Mwishoni mwa mwaka huo alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, na Kawawa akaendelea kuwa msaidizi wake wa karibu kwa miaka mingi. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Abeid Amani Karume alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na Kawawa akawa wa Pili. Kumwamini msaidizi hadi kumwachia kiti, na msaidizi naye asikigeuze kiti hicho kuwa silaha: hilo lilihitaji fadhila kwa wote wawili.

Hata hivyo, tusimsome Mwalimu kana kwamba hakuwahi kukosea. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo kumbukumbu yenye uchungu. Sikukuu ya Noeli mwaka 1971, huko Ismani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi katika mvutano uliohusu mashamba na ujamaa. Mwamwindi naye alihukumiwa kifo. Familia mbili zilibaki na majonzi. Miaka michache baadaye, hasa kuanzia 1974, watu wengi nchini walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na baadhi ya nyumba zao za zamani zilibomolewa.

Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikafutwa. Nia ilikuwa kusogeza madaraka karibu na watu. Lakini waliopokea madaraka hayo walikuwa hasa maofisa waliotumwa kutoka juu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa. Hapa ndipo Maandiko yanapotupa mwanga. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 1, Musa anawakumbusha Waisraeli kwamba wasaidizi wake walitoka katika makabila yao wenyewe, na kwamba watu walishirikishwa kuwachagua. Kugawa kazi kwa watumwa wa ofisi ni jambo moja. Kuwashirikisha wenye kubeba mzigo ni jambo jingine kabisa.

Mwalimu alikuwa na unyenyekevu wa kukiri. Katika miaka ya themanini alisema waziwazi kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Vyote viwili vilirudishwa kabla hajaondoka madarakani. Ni viongozi wachache hukubali kufungua tena mlango walioufunga wao wenyewe.

Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais kwa amani, ingawa hakuna aliyekuwa akimsukuma aondoke. Uenyekiti wa chama aliuacha mwaka 1990. Alirudi Butiama kulima, na uzeeni akabeba mzigo wa jirani kwa kusuluhisha mgogoro wa Burundi. Katika miaka yote hiyo alishika desturi ya kuhudhuria Misa kila siku alipoweza. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri.

Ndugu mseminari, kesho utapewa parokia. Huenda ikawa kama hizi za huku kwetu Usangu, ambako vigango vimetawanyika kutoka mashamba ya mpunga bondeni hadi milimani juu ya Chimala. Utashawishika kushika kila ufunguo, kusaini kila karatasi na kuamua kila shauri, na waamini watakusifu kwa uchapakazi. Kumbuka onyo la Yethro: utachoka wewe, nao watachoka wakikusubiri. Katika Matendo, sura ya 6, Mitume waliliachia kusanyiko lichague wanaume saba, kisha wao wakawawekea mikono. Katekista, halmashauri ya walei na viongozi wa jumuiya ndogondogo si watu wa kutumwa tu. Wasikilizwe pia kabla uamuzi haujafanywa.

Nawe ndugu mwamini, mzigo ukigawanywa, lako ni bega. Ukichaguliwa kuwa mweka hazina wa jumuiya usiseme una shughuli nyingi, halafu mwaka mzima ukamlaumu paroko kwamba anafanya kila kitu peke yake. Wale wazee 70 walipoitwa, walikwenda wakasimama pamoja na Musa kuizunguka hema. Jumapili hii, mwulize kiongozi wa jumuiya yako ni kazi gani inayomlemea, na uchukue sehemu yake.