Rembrandt na rangi zake za udongo

Safari hii tuangalie maisha ya Rembrandt, fundi wa picha wa Uholanzi. Alizaliwa mwaka 1606 kule Leiden, baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka. Akahamia Amsterdam, akapata jina na franga nyingi, akaoa Saskia mwaka 1634. Huyu mama alikufa mwaka 1642. Madeni yakapanda mpaka mwaka 1656 akafilisika. Vitu vyake vikauzishwa, kisha nyumba nayo.

Kazi hakuacha. Alikamata kioo akachora uso wake mwenyewe, juu uso ule hauombi malipo. Rangi zilikuwa chache tu: za udongo, manjano iliyokoza na kahawia, nyekundu kidogo, nyeusi ya mifupa iliyochomwa, na nyeupe ya risasi. Bluu karibu huioni. (Wale wanaodai sanduku la rangi 24 kwa somo la kuchora, wasome hapa mara mbili.) Nguo na nyuma aliziacha gizani, rangi nyembamba. Nyeupe akaiweka nzito kwenye paji la uso na pua, inasimama sawa ngozi yenyewe. Macho akayatia kivuli, na ni hapo huzuni inatoka.

Mwana wake Titus alikufa mwaka 1668. Mwaka uliofuata mzee wa miaka 63 akajichora tena. Picha moja iko London, ingine The Hague. Nywele nyeupe, mashavu yamelegea, hakujipamba hata kidogo. Alikufa Oktoba ya mwaka ule 1669, akazikwa ndani ya kanisa la Westerkerk, kaburi la kukodi, bila jina.