Bismarck: Kigogo aliyeing'oa Austria katika uongozi wa Wajerumani

KABLA ya mwaka wa 1871 hakukuwa na nchi moja iliyoitwa Ujerumani. Kulikuwa na dola zipatazo 39, baadhi kubwa na baadhi mji mmoja tu, zilizofungamana katika shirikisho dhaifu lililoundwa mwaka wa 1815. Humo mlikuwa na mafahali wawili, Austria na Prussia, na zizi halikuwatosha.

Otto von Bismarck, aliyekuja kuumaliza ushindani huo, alizaliwa Aprili 1 mwaka uo huo wa 1815, kijijini Schönhausen. Babake alikuwa kabaila mwenye mashamba. Alisomea sheria Göttingen na Berlin, ingawa alijulikana zaidi kwa ulevi na kupigana kwa panga kuliko kwa vitabu. Kazi ya serikali ilimchosha, akarudi shambani, na hakuingia katika siasa hadi mwaka wa 1847.

Mwaka wa 1851 alitumwa Frankfurt kuiwakilisha Prussia katika baraza la shirikisho. Huko ndiko alikoionja dharau ya Austria. Mjumbe wa Austria ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kudumu, na yasimuliwa kuwa ni yeye pekee aliyethubutu kuvuta tumbaku kikaoni, hadi siku Bismarck alipowasha yake.

Uhasama wenyewe ulikuwa na mizizi mirefu zaidi. Tangu Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alipoinyakua Silesia kutoka kwa Austria mwaka wa 1740, Vienna haikuiamini Berlin tena. Isitoshe, Austria iliwatawala Wahungari, Wacheki, Wapolandi na Waitalia, hivyo taifa la Wajerumani peke yao lingeivunja himaya yake. Prussia nayo ilikuwa na ardhi iliyokatwa vipande viwili, Hanover na Hesse zikiwa katikati, na ilitamani kuviunganisha. Umoja wa forodha wa mwaka wa 1834, ambao Austria haikuwamo, ulikuwa tayari umeielekeza biashara upande wa Berlin.

Septemba 1862, Mfalme Wilhelm wa Kwanza, aliyekuwa akizozana na bunge kuhusu fedha za jeshi, alimteua Bismarck kuwa Waziri Mkuu. Kwa takriban miaka minne alitoza kodi bila idhini ya wabunge. Wanaomsifu wasilisahau doa hilo.

Mwaka wa 1864 mahasimu hao waliungana kuipiga Denmark na kutwaa Schleswig na Holstein, kisha wakakosana katika kugawana nyara. Aprili 1866 Bismarck alifunga mkataba na Italia dhidi ya Austria. Mwezi uliofuata, kijana mmoja alimfyatulia risasi barabarani Berlin, akanusurika. Vita vilizuka Juni. Bavaria, Saxony, Hanover na Württemberg zote zilisimama na Austria, lakini Julai 3, huko Königgrätz, jeshi la Austria lilivunjwa. Bunduki za Prussia zilijazwa risasi kwa nyuma, askari akiwa amelala chini, ilhali Mwaustria alijaza yake kupitia mdomo wa mtutu, akiwa amesimama.

Mfalme sasa alitaka kuingia Vienna na kumega ardhi ya Austria. Bismarck alikataa katakata, akazozana naye kwa siku kadhaa, hadi mwana wa mfalme alipoingilia kati. Alijua kwamba angemhitaji adui huyo kesho. Hanover, Nassau na Frankfurt zilimezwa na Prussia bila huruma, lakini Austria haikuipa Prussia hata shamba moja. Ilipoteza Venetia tu, iliyokwenda kwa Italia. Ndiyo maana Prussia ilipopigana na Ufaransa mwaka wa 1870, Austria ilikaa kando, na mwaka wa 1879 ikawa mshirika.

Januari 18, 1871, Wilhelm alitangazwa Kaisari huko Versailles, na Bismarck akawa Chansela. Ni Chansela huyu aliyeandaa kongamano la Berlin la 1884 na 1885 kuhusu Afrika, na ni chini yake ambapo Ujerumani ilijitwalia Tanganyika.

Wilhelm wa Pili alimwondoa mamlakani mwaka wa 1890. Alifariki Julai 30, 1898 huko Friedrichsruh. Kwa matakwa yake, kaburi lake linamtaja kuwa mtumishi mwaminifu wa Wilhelm wa Kwanza. Yule aliyemfuta kazi hakutajwa.