Clyde Tombaugh: Kijana wa shamba aliyeipata Pluto

Wewe ulifundishwa shuleni kwamba sayari ni nane, sivyo? Sasa muulize mzazi wako alifundishwa ngapi. Atakwambia tisa, na hajakosea. Hiyo ya tisa, Pluto, bado iko palepale angani. Kilichobadilika ni cheo chake tu. Aliyeipata alikuwa kijana wa miaka 24, hana digrii, hana pesa. Kama umemaliza kidato cha nne na karo ya chuo haionekani, hebu msikilize huyu.

Clyde Tombaugh alizaliwa mwaka wa 1906 katika jimbo la Illinois, Marekani. Baadaye familia yao ilihamia Kansas kulima. Clyde alitamani sana kwenda chuo kikuu, lakini mvua ya mawe ikaharibu mazao yote, na ndoto ya chuo ikaishia hapo shambani.

Je, alikaa akilia? Wapi! Alianza kuunda darubini zake mwenyewe. Alisaga vioo kwa mkono, akachukua vyuma vya gari kuukuu la babake na vipande vya mashine za shambani. Jua kali kabisa! Usiku alichora alichokiona kwenye sayari za Mirihi na Mshtarii, kisha akatuma michoro hiyo kwa kituo cha anga cha Lowell, Arizona. Wataalamu walipoiona, wakamwita kazini. Aliripoti Januari 1929.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Mwanzilishi wa kituo hicho, Percival Lowell, alifariki mwaka wa 1916 akiamini kuna sayari kubwa isiyojulikana nje ya Neptuni. Clyde alipewa jukumu la kuitafuta. Usiku, kwenye baridi kali, alipiga picha za anga. Mchana alizilinganisha mbili mbili kwa mashine iliyomwonyesha hii, kisha ile, kwa zamu. Nyota hutulia mahali pamoja, lakini sayari husogea, kwa hiyo alikuwa akisaka nukta moja inayoruka katikati ya maelfu kwa maelfu ya nukta zilizotulia.

Februari 18, 1930, nukta ikaruka. Picha mbili za Januari, zilizopigwa kwa tofauti ya siku sita, zilimwonyesha kitu kinachotembea polepole mbali kupita Neptuni. Dunia nzima ikashangilia. Msichana wa miaka 11 kutoka Oxford, Uingereza, Venetia Burney, ndiye aliyependekeza jina Pluto. Naye Clyde sasa akapata nafasi ya kusoma chuo kikuu, akapata digrii yake mwaka wa 1936. Baadaye alifundisha chuoni New Mexico kwa miaka mingi.

Lakini kadiri Pluto ilivyopimwa, ndivyo ilivyozidi kuonekana ndogo. Leo tunajua upana wake ni kilomita 2,377 hivi. Mwezi wetu una kilomita 3,474! Kuanzia mwaka wa 1992, wataalamu wakaanza kuona vitu vingine vya barafu kwenye eneo hilohilo, linaloitwa Ukanda wa Kuiper. Mwaka wa 2005 ikatangazwa Eris, ambayo ina uzito kuliko Pluto. Swali likawa: tuongeze sayari ya kumi, ya kumi na moja, hadi lini?

Agosti 2006, wanaastronomia walikutana Prague na kuweka masharti matatu. Kwanza, sayari ilizunguke Jua. Pili, iwe nzito kiasi kwamba mvutano wake umeifinyanga ikawa karibu mviringo. Tatu, iwe imefagia njia yake, yaani isibaki na vitu vingine vya kushindana nayo pale inapopita. Pluto ilipita mawili ya kwanza, ikaanguka la tatu. Ndiyo maana ikaitwa sayari kibete, pamoja na Eris na Ceres.

Labda utauliza: mbona Neptuni haikuanguka pia, na njia yake inapishana na ya Pluto? Swali zuri. Neptuni ni nzito kuliko Pluto mara elfu kadhaa, na ndiyo inayoamua mwendo. Kila Neptuni ikizunguka Jua mara tatu, Pluto huzunguka mara mbili kamili, kwa hiyo hazigongani kamwe. Bosi wa barabara ni mmoja.

Clyde hakuyashuhudia hayo. Alifariki Januari 1997, akiwa na miaka 90. Lakini sikia hii: chombo cha New Horizons kilipoondoka Januari 2006 kuelekea Pluto, kilibeba sehemu ya majivu yake. Kiliondoka Pluto ikiwa sayari, kikafika Julai 2015 ikiwa sayari kibete. Hata hivyo, kilituma picha za milima ya barafu na uwanda mkubwa mweupe wenye umbo la moyo. Eneo hilo la moyo sasa linaitwa kwa jina la Tombaugh.

Kwa hiyo mkibishana mtaani kama Pluto ilionewa, kumbuka kwamba Clyde hakupoteza chochote. Alitumwa kutafuta sayari moja, akafungua mlango wa ukanda mzima ambao hakuna aliyejua upo. Na alianza na vyuma kuukuu vya babake.