Gary Kildall

Gary Arlen Kildall (Seattle, 19 Mei 1942 – Monterey, California, 11 Julai 1994) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kutunga CP/M, mfumo wa uendeshaji uliotangulia MS-DOS katika kompyuta ndogo.

Maisha

Familia yake iliendesha chuo cha kuwafundisha mabaharia namna ya kuongoza meli. Alisoma Chuo Kikuu cha Washington, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1972, na alifundisha katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey. Mwaka 1973 aliitungia kampuni ya Intel lugha ya programu iitwayo PL/M. Mwaka uliofuata aliitumia lugha hiyo kuandika CP/M, ili kompyuta ndogo iweze kutunza faili kwenye diski. Intel haikuutaka mfumo huo, basi yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakaanzisha kampuni ya Digital Research kuuza wenyewe.

Amri ya REN

Katika CP/M jina la faili lilikuwa na herufi zisizozidi nane, nukta, na herufi tatu za kuonyesha aina yake. Aliyetaka kubadilisha jina aliandika REN, kisha jina jipya, alama ya usawa na jina la zamani:

REN BARUA.TXT=RASIMU.TXT

Mpangilio huo huwashangaza waliozoea mifumo ya baadaye, lakini unafanana na hesabu: kinachopatikana hukaa kushoto. Yaliyomo katika faili hayakuguswa. Lililobadilika ni jina tu katika orodha iliyo kwenye diski. Kama jina jipya lilikuwa limekwisha kutumika, amri ilikataa, na hivyo kazi ya mtu haikufutika kwa bahati mbaya. Programu nazo ziliweza kuomba huduma hiyohiyo kutoka kwa mfumo kwa kutaja namba 23.

Mzozo kuhusu DOS

Mwaka 1980 wajumbe wa IBM walifika kutafuta mfumo kwa ajili ya kompyuta yao mpya. Asubuhi hiyo Kildall alikuwa amesafiri kwa ndege yake, na Dorothy hakutia saini mkataba wa usiri walioutaka. Masimulizi kwamba alikwenda kustarehe angani hayamtendei haki, kwa kuwa alikuwa amekwenda kumwona mteja.

Hatimaye IBM ilichukua DOS kutoka Microsoft, iliyotokana na kazi ya Tim Paterson wa Seattle. Paterson alikusudia programu za CP/M zihamishiwe huko kwa urahisi. Kwa hiyo katika DOS amri ya REN ilibaki, ingawa jina la zamani sasa lilitangulia, na ndani ya mfumo huduma ya kubadilisha jina iliendelea kuwa namba 23. Kildall alilalamika kwamba ameigwa. IBM ikakubali kuuza pia CP/M-86, lakini kwa dola 240, wakati DOS iliuzwa kwa dola 40. Wanunuzi wengi walichagua ya bei nafuu.

Miaka ya mwisho

Alishiriki kuongoza kipindi cha televisheni kiitwacho Computer Chronicles. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell. Mnamo Julai 1994 aliumia kichwa katika baa moja mjini Monterey, akafariki siku tatu baadaye akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Seattle.