Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeingia kwenye santuri na kuvuma pwani nzima

WAPENZI wa muziki wanapobishana siku hizi iwapo kazi ya msanii itolewe kwenye santuri ya vinili au isambazwe kidijitali kupitia simu, aghalabu hudhani kwamba mjadala huo ni mpya na kwamba ni wa watu wa mbali. Kwa hakika, swali la chombo kipi kibebe sauti ya mwimbaji lilibisha hodi katika pwani ya Afrika Mashariki karibu karne moja iliyopita. Miongoni mwa waliolijibu mwanzo, tena kwa vitendo, ni mwanamke aliyezaliwa katika ufukara kisiwani Unguja: Siti binti Saad.

Alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake asili ya Uzigua. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa, jina lililobeba historia ya kisiwa ambako utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Hakupata elimu ya shule. Alichorithi ni kazi ya vyungu, kufinyanga na kuuza.

Vyungu hivyo alivibeba kutoka shamba hadi mjini, akivinadi kwa kuimba. Sauti yake ilimtangulia mitaani, na wanunuzi waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Mnamo mwaka 1911 aliliacha shamba akahamia mjini.

Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyetambua kipaji chake na kumfunza uimbaji wa Kiarabu. Baadaye walijiunga na wenzao, wakiwemo Subeti bin Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaabani, wakaunda kundi ambalo halikuchukua muda kupata sifa. Ndipo Mtumwa akaanza kuitwa Siti, neno la heshima litumikalo kwa mwanamke mwenye hadhi.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, ni vyema kukumbuka taarab ilikuwaje wakati huo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki huo. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume. Lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu, na waliosikiliza aghalabu walikuwa watu wa tabaka la juu.

Siti aliuvunja ukuta huo. Aliimba kwa Kiarabu alipohitajika, lakini Kiswahili ndicho kilichomweka katika nyoyo za watu. Alialikwa katika majumba ya matajiri na ya wenye enzi, na usiku watu wa kawaida walikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo kusikiliza kundi likifanya mazoezi. Hao ndio waliompa habari za kuimba.

Nyimbo zake zilibeba mambo ya mtaani. Wimbo wa Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na mwanamume aliyetorokea bara, huku mkono wa sheria ukiwaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Katika wimbo mwingine alimwanika karani aliyewadhulumu maskini wasiojua kusoma. Katika mji ambao wengi hawakuweza kufungua kesi wala kuandika barua kwa wakuu, wimbo ulikuwa mahakama ya pili.

Hakukosa maadui. Waliomwonea kijicho walimtungia maneno ya kejeli, wakimkumbusha kaniki alizokuja nazo kutoka shamba na kudai kwamba pasipo sauti asingekuwa na cha kumlisha. Siti alijibu kwa wimbo, akifundisha kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili na tabia.

Mnamo mwaka 1928, Gramophone Company ya Uingereza, iliyouza santuri kwa nembo ya His Master's Voice, ilimsafirisha Siti na kundi lake hadi Bombay, India, kwenda kurekodi. Kundi hilo likawa miongoni mwa makundi ya mwanzo kabisa ya Afrika Mashariki kuingia katika biashara ya santuri. Mauzo yaliwashangaza hata wenye kampuni. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1930, makumi ya maelfu ya santuri za Kiswahili zilikuwa zimenunuliwa, na makampuni mengine kama Columbia, Odeon na Pathé yalikuwa yamejitosa katika soko hilo hilo.

Santuri za wakati huo hazikuwa za vinili. Zilitengenezwa kwa shelaki, gundi itokanayo na wadudu, iliyochanganywa na unga wa mawe. Sauti ilichorwa kwanza juu ya nta, kisha pakatengenezwa mabamba ya chuma ya kugandamizia nakala nyingi. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu tu.

Kipimo hicho kilikuwa na gharama yake. Katika ukumbi, wimbo wa taarab ulikwenda kwa jinsi wasikilizaji walivyotaka. Mwimbaji aliweza kurudia ubeti, kuuchelewesha mwingine na kumjibu aliyeinuka kumtunza. Mbele ya mashine hapakuwa na wa kutunza wala wa kushangilia. Siti, aliyezoea kuusoma uso wa msikilizaji, alilazimika kuufunga wimbo kabla nta haijaisha. Tunachokisikia leo katika rekodi zake ni sehemu tu ya kile kilichosikika Ng'ambo.

Lakini santuri ilimpa ambacho ukumbi usingeweza kumpa. Gramafoni haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kwa mkono, kamani ikazungusha sahani, na sindano ya chuma ikaisoma michirizi. Mahali kama Mkwiro, kijiji cha wavuvi kilicho katika ncha ya mashariki ya Kisiwa cha Wasini, mkabala na Shimoni katika eneo la Kwale, pasingehitaji nguzo ya stima ili sauti ya Siti isikike. Palihitaji mtu mmoja mwenye mashine, na chombo cha kuleta santuri kutoka Unguja au Mombasa. Mwanamke ambaye zamani sauti yake ilifika mwisho wa mtaa aliokuwa akiuza vyungu sasa aliweza kuimba katika mkahawa wa bandari ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Jambo jingine ni dogo kwa umbo lakini kubwa kwa maana. Katikati ya kila santuri palibandikwa karatasi ya duara, na juu yake pakachapishwa jina la mwimbaji, jina la wimbo na nambari ya kampuni. Aliyepewa jina la Mtumwa alipozaliwa sasa jina lake la heshima lilichapishwa maelfu ya mara na kuingia katika nyumba za watu. Yeye mwenyewe hakusoma shule, lakini jina lake likasomwa.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliibana biashara ya santuri, na safari za makampuni kuja kurekodi pwani zikapungua. Siti aliendelea kuimba, na umri ukaendelea kusonga. Kabla hajafariki, alipata bahati ya kutembelewa na mwandishi Shaaban Robert, aliyemsikiliza akisimulia maisha yake na kisha akayaandikia kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kinahesabiwa miongoni mwa tawasifu na wasifu za mwanzo katika fasihi ya Kiswahili ya kisasa.

Siti alifariki dunia Julai 8, 1950. Wakati huo huo, teknolojia iliyombeba nayo ilikuwa ikiaga. Santuri ndefu ya vinili, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika ishirini kila upande, ilikuwa imezinduliwa Marekani mwaka 1948. Dakika tatu zilizombana Siti zilikoma kuwa sheria miaka miwili kabla ya kifo chake, naye hakuwahi kuufaidi uhuru huo.

Waliomfuata walipita katika vyombo vingine. Mombasa ilikuwa na santuri za Mzuri, kisha zikaja kanda za kaseti zilizouzwa na maduka kama Mbwana Radio, zilizosambaza sauti za kina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh. Unguja, Fatma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, aliziendeleza nyimbo za Siti hadi alipofariki mwaka 2013. Leo simu ya mkononi hubeba nyimbo nyingi kuliko gramafoni yoyote, na vijana wa visiwani hurushiana miziki bila kungoja chombo kitie nanga.

Hata hivyo, vinili haijafa. Mwaka 2022 nchini Marekani ziliuzwa santuri za vinili takriban milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza kwa vinili kuzidi CD kwa idadi tangu 1987. Katika ukanda wetu, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliutambulisha kwa dunia muziki wa singeli, ngoma ya kielektroniki ya kasi kutoka Dar es Salaam, kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017. Kazi za lebo hiyo huuzwa kidijitali, na nyingine pia kwenye vinili. Mashabiki wa ng'ambo hununua santuri ili waiweke nyumbani, ilhali vijana wa Uswahilini walikozaliwa nyimbo hizo huzipata kwenye simu.

Ni kosa kudhani kwamba chombo kimoja ni kitukufu na kingine ni duni. Shelaki huvunjika ikianguka, na kila ilipochezwa sindano ya chuma iliila kidogo kidogo. Faili haliliki kwa kuchezwa, na nakala yake ya elfu ni sawa na ya kwanza. Ila faili hupotea pamoja na simu iliyotumbukia baharini, na mara nyingi husafiri bila jina la mwimbaji, la mtunzi wala la mpigaji. Anayelipokea hujua wimbo asijue ni wa nani.

Rekodi za Siti zimetufikia kwa sababu mbili. Nakala zilikuwa nyingi, zikatawanyika mikononi mwa watu wengi, hivyo zilipovunjika za Unguja zilisalia za kwingineko na katika hifadhi za sauti za Ulaya. Na kila nakala ilikuwa na jina. Nyimbo alizoimba barazani bila kurekodiwa zilibaki kwa waliozikumbuka, na waliozikumbuka wamekwisha kufa.

Sababu hizo mbili hazikuletwa na shelaki wala haziletwi na vinili peke yake. Msanii wa singeli, wa taarab au wa ngoma za Kwale anaweza kuzitimiza hata kwenye simu, mradi kazi yake iandikwe jina lake na majina ya wenzake, tarehe na mahali, na iwekwe mahali zaidi ya pamoja. Chama cha waandishi wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Kililikuta jina hilo likiwa hai, kwa kuwa miongo kadhaa nyuma kuna aliyejali kulibandika katikati ya santuri.