Nuhu Mbogo na kiti alichokiacha

Wengi wetu tumeswali Kibuli, na jina la Mwanamfalme Badru Kakungulu tunalijua. La baba yake, Nuhu Mbogo, hutajwa harakaharaka, nami kwa miaka mingi nilimhesabu miongoni mwa walioshindwa. Alikuwa na kiti, akakiacha. Nilipokaa nikayafuatilia maisha yake, niliionea haya hukumu yangu.

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Ssuuna II na ndugu yake Muteesa I. Ssuuna ndiye yule ambaye mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alimkabili barazani mwaka 1844 kwa sababu ya kuua watu ovyo, akamweleza kuwa wale nao wameumbwa na Mungu. Kwa hiyo huku kwetu habari ya uhai wa mtu ilitangulia hata habari ya udhu.

Somo hilo halikushika haraka. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walimwondoa Mwanga kwa pamoja, kisha wakageukiana. Kalema, Kabaka Mwislamu, aliwaua wana wa mfalme kwa kukihofia kiti chake. Tusilifiche hilo kwa kuwa alikuwa mwenzetu. Mbogo alinusurika. Kalema alipokufa kwa ndui mwaka 1890, akiwa ameshatolewa Mengo, Waislamu walimchagua Mbogo awe Kabaka wao, wakiwa mpakani mwa Bunyoro na bunduki mikononi.

Mwaka 1892 Kapteni Lugard alitaka amani na Waislamu, na sharti lake lilikuwa zito: Mbogo aache madai ya ufalme, aje akae Kampala chini ya macho ya Waingereza. Wafuasi wake wengi walisita kumtoa. Hapa ndipo nilipokuwa nikimwita mwoga. Lakini hebu tujiweke mahali pake. Watu wake walikuwa wamechoka kwa vita, njaa na maradhi, mbali na mashamba yao. Kuendelea kupigana kungelinda heshima yake, na gharama ingelipwa na wake na watoto wa watu wengine. Mtu anaweza kufikiri kwa akili kali sana na bado asijiulize nani atalipa. Mbogo alikuja Kampala, akamtambua Mwanga, na Waislamu wakapewa saza tatu: Butambala, Gomba na Busujju.

Na malipo yake? Mwaka uliofuata kulizuka mzozo kati ya Waislamu na serikali, wakiwamo askari wa Kinubi wa Selim Bey. Saza mbili zikachukuliwa, ikabaki Butambala. Mbogo mwenyewe alipelekwa uhamishoni Zanzibar, ingawa hakuongoza uasi wowote, akarejea mwaka 1895. Nikiri kwamba hapa ndipo ninapopata shida naye. Je, angejua mapema, angeshuka? Nadhani ndiyo, maana aliporudi hakuchochea kisasi. Alikaa na watu wake.

Katika Mkataba wa 1900 aliotia alama yake, alipewa pensheni ya pauni 250 kwa mwaka na maili za mraba 24, ardhi yake pamoja na wafuasi wake. Wapo wanaosema aliuza haki kwa bei ndogo, na hoja yao si ya kupuuzwa: machifu Wakristo walitoka na sehemu kubwa zaidi. Ila ardhi ya ukoo wake ndiyo baadaye Badru aliyoitoa Kibuli kwa msikiti na shule.

Mbogo alifariki mwaka 1921, Badru akiwa kijana wa miaka 14 hivi. Baada yake Waislamu wa Buganda waligawanyika juu ya kuswali adhuhuri baada ya Ijumaa, wengine wakaitwa Zukuli na wengine Juma, na kwa miaka mingi watu waliokuwa wamekaa pamoja uhamishoni Bunyoro hawakutaka kusimama safu moja.