Kabalega: Jina la Nishani, Baba Aliyefiwa Vitani

Kila tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa wa Uganda, taifa huwatunuku nishani watu waliolitumikia, na nishani ya marehemu hupokewa na jamaa zake. Kwetu sisi tulio katika kambi ya Makindye, na kwa ndugu zetu wa polisi, siku hiyo si gwaride tu. Miongoni mwa nishani za kijeshi za nchi hii imo Nyota ya Kabalega. Wengi wetu twaijua nyota hiyo. Si wengi wakumbukao kwamba mwenye jina naye alifiwa na mwana vitani. Yafaa basi tuyatazame maisha yake.

Kabalega alizaliwa yapata mwaka 1853, mwana wa Omukama Kamurasi wa Bunyoro-Kitara. Baba yake alipofariki mwaka 1869, ilimbidi apigane na nduguye Kabigumire kabla ya kukikalia kiti mwaka 1870. Mara akaanza kazi ya kuunda abarusura, jeshi la kudumu lenye vikosi na makamanda wake. Mwezi Juni 1872, Samuel Baker, aliyetumwa na mtawala wa Misri, alipojaribu kuitwaa Bunyoro, alilazimika kuondoka Masindi huku akiandamwa njia nzima.

Mwanzoni mwa mwaka 1894 Waingereza chini ya Kanali Colvile, wakisaidiwa na majeshi ya Buganda, waliivamia Bunyoro. Kabalega aliuacha mji wake mkuu, lakini hakuiacha vita. Alivuka mto Nile, akaingia Lango, na kwa muda wa miaka mitano akawashambulia adui kwa mbinu za msituni. Hata Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyekuwa hasimu wake, alimfuata huko wakawa kitu kimoja.

Tarehe 9 Aprili 1899, huko Kangai, katika wilaya ya leo ya Dokolo, wafalme hao wawili walizingirwa na kutekwa. Kabalega alipigwa risasi, na mkono wake mmoja ukakatwa. Katika mapambano hayo mwanawe Jasi, aliyekuwa akipigana ubavuni mwake, alipata majeraha yaliyomwua. Kwa hiyo katika vita hivyo mfalme alipoteza kiti, mkono na mwana.

Wateka walimpeleka uhamishoni visiwani Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alibatizwa jina la Yohana, akakaa ugenini zaidi ya miaka 20. Aliporuhusiwa kurejea mwaka 1923, alifika Mpumudde, karibu na Jinja, akafariki tarehe 6 Aprili bila kuiona tena Bunyoro. Alizikwa Mparo, karibu na Hoima. Mwaka 2009, miaka 110 baada ya Kangai, alitangazwa rasmi kuwa shujaa wa taifa.

Siku ile ya Kangai hapakuwa na Uganda huru ya kumpelekea baba nishani ya mwanawe. Leo ipo, na wajibu huo ni wetu. Nishani haimlishi yatima wala haimlipii karo. Haki hizo za familia zina njia zake, na hazina budi kutimizwa bila kucheleweshwa. Lakini nishani hufanya jambo ambalo fedha haiwezi: humwambia mjane mbele ya watu kwamba mumewe hakupotea bure, na kwamba jina lake limeandikwa.

Kwa hiyo, ndugu askari, atakayetumwa kuipeleka nishani nyumbani kwa mwenzetu asiipeleke kama kifurushi. Na alijue kwanza jina la marehemu, kikosi chake na mahali alipoanguka. Avae sare safi, aitoe kwa mikono miwili, asimame wima na kupiga saluti. Saluti hiyo ni ya marehemu, na ni ya mama, baba au mjane aliye mbele yake pia.